Hermann von Helmholtz, daktari wa jeshi aliyefumbua siri ya boksi la besi

Kila fundi anayekata mbao za boksi la sabufa na kulitoboa tundu la bomba anatumia, ajue asijue, hesabu ya Mjerumani mmoja aliyefariki mwaka 1894, miaka mingi kabla ya spika ya umeme kuingia madukani. Jina lake ni Hermann von Helmholtz. Hakuwa fundi wa muziki wala muuzaji wa redio. Alikuwa daktari wa jeshi, na hata udaktari wenyewe aliuingia kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na pesa za kumsomesha kile alichokitaka.

Habari hii inawagusa zaidi wenye pikapu. Katika gari dogo, boksi linaweza kuchukua buti nzima. Katika pikapu, nafasi yote ni ule upenyo kati ya kiti na bati la nyuma la kabini, au chini ya kiti. Mwenye gari ananunua spika ya inchi 12, anaongeza amplifaya, kisha anashangaa besi inatoka kavu kama mtu anayegonga mlango. Analaumu spika. Mara nyingi spika haina kosa. Kosa liko kwenye hewa iliyofungiwa pamoja nayo, na tabia ya hewa hiyo ndiyo aliyoipima Helmholtz.

Udaktari kwa kukosa pesa

Alizaliwa tarehe 31 mwezi wa nane mwaka 1821 mjini Potsdam, karibu na Berlin, katika ufalme wa Prussia. Baba yake, Ferdinand, alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa vitabu na falsafa, mwenye mshahara mdogo na watoto wa kulisha. Hermann alikuwa mgonjwa mgonjwa utotoni na kukariri kulimsumbua, lakini fizikia ilimshika mapema. Baba hakuichukia fizikia. Aliangalia mfuko wake tu. Wakati ule fizikia haikuwa kazi ya kumlisha mtu.

Kilichopatikana ni Taasisi ya Friedrich Wilhelm mjini Berlin, chuo cha serikali kilichowafundisha vijana udaktari bila malipo, kwa sharti moja: wakimaliza, walitumikie jeshi kwa miaka minane. Wazazi wengi huku kwetu wanaijua hesabu ya namna hiyo, mtoto anataka hili na mfuko unasema lile. Hermann aliingia mwaka 1838 akiwa na miaka 17, na alikwenda na piano yake.

Mwaka 1841 aliugua tifasi. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa taasisi, hospitali ilimtibu bure, na posho yake ikajilimbikiza wiki zote alizolala kitandani. Alipopona alinunua hadubini ndogo kwa akiba hiyo. Haikuwa hadubini nzuri, lakini ndiyo aliyoitumia kuchunguza neva kwa ajili ya shahada yake ya udaktari, aliyoipata mwaka uliofuata.

Jeshi likampeleka kuwa daktari wa kikosi kule kule Potsdam. Ndani ya kambi alijitengenezea maabara ndogo akawa anachunguza misuli ya vyura: misuli ikifanya kazi inatoa joto kiasi gani, na joto hilo linatoka wapi. Walimu wengi wa siku zile walifundisha kwamba kiumbe hai kina nguvu yake ya pekee, isiyoingia katika hesabu za kawaida. Helmholtz hakuliamini hilo. Tarehe 23 mwezi wa saba mwaka 1847, akiwa na miaka 25, alisimama mbele ya Chama cha Fizikia cha Berlin akaeleza kwamba nguvu haizaliwi bila chanzo wala haipotei, inabadilisha sura tu, kutoka mwendo hadi joto, kutoka joto hadi umeme. Mjerumani Mayer na Mwingereza Joule walikuwa wamefika karibu na hapo kwa njia zao. Alipopeleka maandishi yake kwenye jarida kubwa la fizikia la Ujerumani, mhariri wake, Poggendorff, aliyakataa. Yakachapishwa kando, kama kijitabu. Leo kanuni hiyo inafundishwa sekondari dunia nzima.

Fundi wa spika naye anaihitaji, maana hakuna boksi linaloongeza wati. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, mgongo wake unavuta hewa wakati huo huo. Bila boksi, mawimbi hayo mawili yanakutana na kuuana, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Boksi lililofungwa linazuia wimbi la mgongo. Boksi lenye bomba linafanya zaidi: linaichukua kazi ya mgongo iliyokuwa inapotea na kuigeuza iende pamoja na ile ya mbele. Lakini besi hiyo ya ziada inalipiwa, na kwa kawaida inalipiwa kwa nafasi.

Miaka ya Königsberg

Mwaka 1848 mwanasayansi maarufu Alexander von Humboldt aliingilia kati, na jeshi likamwachilia Helmholtz kabla miaka yake haijaisha. Mwaka uliofuata alipata kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad. Mwaka huo huo alimwoa Olga von Velten.

Huko alifanya jambo ambalo mwalimu wake mwenyewe, Johannes Müller, alidhani haliwezekani: kupima mwendo wa ujumbe ndani ya neva. Alitumia mguu wa chura na saa ya umeme, na Olga aliandika vipimo. Ujumbe ule haukuenda kasi kama umeme kama watu walivyofikiri. Ulienda mita 30 hivi kwa sekunde, polepole kuliko sauti hewani. Ina maana kuna kitambo kidogo kati ya kuguswa na kujua umeguswa.

Kilichompa jina barani Ulaya, hata hivyo, ni kifaa kidogo cha vioo alichokitengeneza mwishoni mwa mwaka 1850 ili aweze kuwaeleza wanafunzi jinsi mwanga unavyotoka ndani ya jicho. Kwa kifaa hicho madaktari waliweza kuona vizuri sehemu ya ndani ya jicho la mtu aliye hai. Hadi leo, mgonjwa anayetazamwa jicho kwa kimulimuli cha daktari anatazamwa kwa njia hiyo.

Hali ya hewa ya Königsberg haikumfaa Olga, aliyekuwa na kifua kikuu. Familia ikahamia Bonn mwaka 1855, kisha Heidelberg mwaka 1858. Mwaka 1859 ulikuwa mchungu: baba yake Ferdinand alifariki, na siku tatu baada ya Krismasi Olga akafariki, akimwachia watoto wawili wadogo. Kazi kubwa ya Helmholtz juu ya sauti ilikamilika katika miaka hiyo ya msiba. Mwaka 1861 alioa tena, mke akiwa Anna von Mohl.

Hewa ndani ya chupa

Swali lake lilikuwa la daktari kuliko la mwanamuziki. Filimbi na fidla zikipiga noti ile ile, sikio linazitofautishaje? Mwanafizikia Ohm, yule wa sheria ya umeme, alikuwa amesema kwamba sauti yoyote ya muziki ni mchanganyiko wa sauti nyingi nyepesi, na kwamba sikio linazichambua moja moja. Wengine walimpinga. Helmholtz alitaka ushahidi ambao hata mtu asiye na sikio la muziki angeupata mwenyewe.

Alitumia mipira mitupu ya kioo na ya shaba. Kila mpira ulikuwa na tundu upande mmoja, na upande wa pili ncha nyembamba iliyozungushiwa nta ili izibe vizuri ndani ya sikio. Mpira mkubwa uliitikia noti ya chini, mdogo ya juu. Bendi ikipiga, mpira unanyamaza mpaka noti yake ipite. Hapo hewa ya ndani inaitikia na sauti inajaa sikioni. Kwa mipira ya ukubwa mbalimbali mtu aliweza kuipitia sauti moja na kuziokota sauti zilizomo ndani yake. Fundi Rudolph Koenig, aliyekuwa na karakana Paris, alizitengeneza na kuziuza kwa seti, na vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vilizinunua.

Ajabu ya mipira hiyo inaonekana hata kwa chupa tupu ya Primus. Puliza juu ya mdomo wake, inalia noti moja tu. Mimina maji nusu, noti inapanda. Hewa iliyo shingoni ni kama mzigo. Hewa iliyo tumboni ni kama springi. Dereva wa pikapu analielewa hili haraka. Gari likibeba magunia linapanda na kushuka polepole juu ya springi zake. Likiwa tupu linarukaruka. Mzigo ukiwa mzito, mwendo unakuwa wa polepole. Springi ikiwa ngumu, mwendo unakuwa wa haraka. Hewa kidogo ndani ya chupa ni springi ngumu kuliko hewa nyingi. Mwaka 1860 Helmholtz alichapisha hesabu ya hewa inayotikisika kwenye mabomba na vyombo vyenye mdomo wazi, na baadaye Mwingereza Lord Rayleigh aliirahisisha mpaka ikatosha mstari mmoja. Mstari huo una vitu vitatu vya kupima: ukubwa wa chombo, eneo la tundu na urefu wa shingo.

Ndiyo sababu hesabu hiyo inafaa kwenye boksi la sabufa. Helmholtz alitumia hewa ya chombo kusikiliza. Fundi anaitumia kupiga.

Chukua boksi la lita 50. Bomba lake lina kipenyo cha sentimita 10, na hewa inayotikisika ndani yake ina urefu wa sentimita 25. Hesabu inatoa mitetemo 44 hivi kwa sekunde. Noti hiyo ikifika, hewa ya bomba inacheza kwa nguvu na koni ya spika karibu inatulia. Besi unayoisikia inatoka bombani. Urefu huo wa sentimita 25 unahesabu pia hewa kidogo inayocheza nje ya midomo ya bomba, kwa hiyo bomba lenyewe hukatwa fupi zaidi, sentimita 18 hivi.

Sasa lete boksi hilo kwenye pikapu. Tuseme nyuma ya kiti zinapatikana lita 25 tu. Fundi akiacha bomba lile lile, springi imekuwa ngumu mara mbili na noti inaruka kutoka 44 hadi 62. Hapo ndipo besi inapogeuka kuwa ile ya kugonga mlango. Ili kurudi 44, urefu wa hewa ya bomba lazima uwe mara mbili, sentimita 50. Bomba la namna hiyo, pamoja na unene wa ukuta wake, linakula karibu lita 4 za boksi ambalo lilikuwa dogo tayari, na sumaku ya spika inakula nyingine. Fundi anaweza kutumia bomba jembamba ili liwe fupi, lakini hewa itapita humo kwa kasi kubwa, na muziki ukipandishwa bomba linapumua kama mtu mwenye pumu.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi wanaijua baada ya hasara. Chini ya noti ya boksi, hewa ya bomba inaacha kuisaidia koni. Spika inakuwa kama haina boksi, koni inaenda mbele na nyuma kupita kiasi, na wimbo wenye besi nzito unaweza kuiua kwa dakika chache, hata kama wati hazijazidi zile zilizoandikwa. Ndiyo maana katika pikapu yenye nafasi finyu boksi lililofungwa kabisa mara nyingi ni chaguo bora. Halishuki kwa sauti kubwa kama lile lenye bomba, lakini linakubali lita chache na linailinda koni. Liwe la aina yoyote, viungo vya mbao vizibwe kwa gundi na silikoni. Ufa unaopitisha hewa ni tundu ambalo hakuna aliyelipigia hesabu.

Helmholtz alitafuta pia mwisho wa besi. Alikuta kwamba sikio linaanza kusikia kitu kama sauti kwenye mitetemo 30 hivi kwa sekunde, na kwamba noti inaanza kueleweka kama noti kwenye 40 hivi. Alionyesha kwamba kadiri noti inavyoshuka ndivyo hewa inavyotakiwa kusukumwa kwa nguvu zaidi ili isikike, na kwamba mara nyingi watu wanaodhani wanasikia noti ya chini sana wanasikia zile noti za juu zinazoandamana nayo. Wapo wenye magari wanaopaswa kuisoma sehemu hiyo mara mbili. Yote haya yalitoka mwaka 1863 katika kitabu chake kikubwa juu ya sauti na muziki.

Kosa la Bell, na kosa la Helmholtz

Kitabu hicho kilifika mikononi mwa kijana wa Scotland, Alexander Graham Bell, kikiwa bado kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuimudu. Ndani yake Helmholtz alieleza jinsi alivyoigiza sauti za irabu kwa kutumia uma za sauti zilizotikiswa na umeme, kila moja mbele ya chombo chake cha kuitikia. Bell alielewa kwamba Mjerumani huyo ameshazituma irabu kwa waya. Akaona kwamba kama irabu zimewezekana, maneno nayo yatawezekana. Mwaka 1876 akapata hataza ya simu. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba kama angekuwa anajua Kijerumani vizuri huenda asingeanza.

Helmholtz naye alikosea. Alifikiri ndani ya sikio kuna kitu kama nyuzi za piano, kila uzi ukiitikia noti yake peke yake. Alipopata vipimo vipya vya wachunguzi wa mwili alibadilisha sehemu ya maelezo, lakini wazo la nyuzi alilishikilia. Karne iliyofuata Georg von Békésy alionyesha kwamba utando wa ndani ya sikio hupitiwa na wimbi linalosafiri, na noti tofauti hufikia kilele mahali tofauti. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kwamba kila noti ina mahali pake sikioni, hilo Helmholtz alilipata. Namna inavyofika huko ndiyo iliyompita.

Fizikia kwa kuchelewa

Mwaka 1871, akiwa karibu kufikisha miaka 50, mtoto yule aliyekosa karo ya fizikia aliitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia. Baadaye mfalme alimpa daraja la wakuu, na ndipo neno von likaingia katika jina lake. Mwaka 1888 akawa mkuu wa kwanza wa taasisi ya taifa ya vipimo na ufundi huko Charlottenburg, iliyoanzishwa kwa msukumo na mali ya Werner von Siemens.

Darasani hakuwa hodari. Max Planck, aliyemsikiliza akiwa mwanafunzi, alikumbuka mwalimu asiyejiandaa, anayesitasita na kupekua daftari lake, na viti vilivyozidi kubaki vitupu. Lakini aliyekaa naye maabara alipata mengi. Mmoja wao ni Heinrich Hertz, ambaye Helmholtz ndiye aliyemsukuma kuelekea swali la mawimbi ya umeme. Hertz aliyathibitisha mawimbi hayo kati ya mwaka 1886 na 1888, na redio ikazaliwa kutokana na kazi hiyo. Herufi Hz zilizoandikwa kando ya kitufe cha amplifaya, zinazohesabu mitetemo kwa sekunde, ni jina la mwanafunzi huyo.

Uzee wake haukuwa wa raha. Mwanawe Robert, naye mwanafizikia, alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 27. Hertz alifariki tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 1894 akiwa na miaka 36, na ikawa ni mwalimu anayemwandikia mwanafunzi dibaji ya kitabu chake cha mwisho. Mwaka uliotangulia Helmholtz alikuwa amekwenda Marekani kwa maonyesho makubwa ya Chicago na mkutano wa wataalamu wa umeme. Akirudi kwa meli alianguka kwenye ngazi na kuumia kichwa. Mwezi wa saba 1894 alipata kiharusi, na tarehe 8 mwezi wa tisa akafariki Charlottenburg, akiwa na miaka 73.

Ilichukua karibu miaka 40 kabla mtu hajaliweka tundu lake kwenye boksi la spika kwa makusudi. Mwaka 1930 Mmarekani Albert Thuras, mhandisi wa maabara za Bell, aliomba hataza ya boksi lenye tundu la kusaidia besi, akaipata mwaka 1932. Kwa miaka mingi mafundi waliendelea kukisia urefu wa bomba kwa sikio, mpaka mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia alipochapisha njia ya kuilinganisha noti ya boksi na vipimo vya spika yenyewe: uzito wa koni, ugumu wa springi yake, nguvu ya sumaku. Richard Small aliikamilisha kazi hiyo huko Sydney katika miaka ya 1970. Vipimo hivyo sasa huchapwa kwenye karatasi inayokuja ndani ya katoni ya spika nyingi nzuri, pamoja na lita zinazofaa na urefu wa bomba. Mara nyingi karatasi hiyo hutupwa pamoja na katoni.